Mkunga Afunzwe Kusikiliza Kabla Hajafika Wodini

Hakuna mwalimu wa ukunga atakayemkabidhi mwanachuo sindano na uzi akashone msamba wa mzazi kabla hajashona kipande cha godoro mara nyingi mbele ya macho yake. Wala hatamwachia kichanga asiyepumua kabla mwanachuo huyo hajazoea kumpulizia hewa mwanasesere. Hayo tumeyakubali zamani. Lakini likija suala la kumshauri mama juu ya kunyonyesha, tunamsukuma mwanachuo yule yule wodini akiwa na daftari lenye orodha ya faida za maziwa ya mama, tukidhani anayejua faida anajua na kushauri. Ndugu walimu, hapo tunakosea, na wanaoumia ni watoto.

Tazameni ufuko wa Ziwa Mweru upande wa Zambia. Chienge iko kaskazini kabisa, na ng'ambo ya mpaka iko Pweto ya Kongo. Ukishuka kusini unafika Nchelenge na Kashikishi, iliko Hospitali ya St. Paul's. Wanawake wa huko wengi wanaishi kwa samaki: wanaanika samaki wadogo waitwao chisense, wanawapeleka sokoni, na mtoto mara nyingi hubaki na bibi yake. Mwaka 2017 maelfu ya watu waliokimbia vita vya Kongo walivuka mpaka wakaingia Chienge, wakapokewa katika kituo cha Kenani, na tangu 2018 wengi wakahamishiwa makazi ya Mantapala. Basi mkunga kijana aliyesomeshwa kwa Kiingereza, na nyumbani kwao husema Kibemba, anakaa mbele ya mama wa Pweto anayesema Kiswahili cha Katanga, mwenye kitoto cha siku mbili na hofu nyingi. Je, tumemwandaa kwa mazungumzo hayo?

Mtu asidhani kwamba kina mama hawa hawapendi kunyonyesha. Utafiti wa kitaifa wa Zambia wa 2018 ulionyesha kuwa watoto 7 katika kila 10 wa chini ya miezi sita walikuwa wakipewa maziwa ya mama peke yake. Ni wengi kuliko wa Tanzania, ambayo mwaka 2022 ilikuwa na asilimia 64. Faida zimehubiriwa na zimesikika. Anayebaki nje ya hesabu hiyo hahitaji mahubiri mengine. Kuna kitu kimemkwamisha, na hatakitaja mpaka aulizwe vizuri.

Angalieni swali linaloulizwa kila siku: "Mama, unanyonyesha?" Mama anajibu, "Ndiyo, sista." Mwanachuo anaweka alama kwenye kadi na kuhamia kitanda cha pili. Mama hakusema uongo. Ananyonyesha kweli, ila bibi ameshamlambisha mtoto maji ya sukari kwa kuwa maziwa ya njano ya siku za kwanza yalionekana machafu, na chuchu moja imepasuka hata mama anakunja uso mtoto akishika. Laiti angeulizwa, "Tangu azaliwe, mtoto amepata nini kinywani?" habari yote ingetoka. Kuuliza namna hiyo hakuji kwenyewe. Ulimi nao unataka mazoezi kama mikono.

Na mazoezi yake si ghali. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa kozi ya saa 40 ya kuwafunza wahudumu wa afya unasihi wa kunyonyesha. Mmoja wa walioiandaa ni Dk. Felicity Savage King, ambaye kitabu chake cha kuwasaidia kina mama kunyonyesha kilichapishwa Nairobi na AMREF mwaka 1985. Ndani ya kozi hiyo mna maelezo ya kutengeneza titi kwa soksi mbili. Unachukua soksi ya rangi ya ngozi, unashona duara dogo penye kisigino, unavuta uzi na kujaza karatasi mpaka chuchu isimame, kisha unachora weusi unaoizunguka kwa kalamu. Soksi ya pili, nyeupe, unaichora mirija ya maziwa iliyo ndani ya titi. Mtoto ni taulo lililokunjwa na kufungwa kwa mpira. Kwa vitu hivyo mwanachuo anajifunza kutambua mtoto aliyeshika vizuri: kinywa wazi, mdomo wa chini umegeukia nje, kidevu kimegusa titi, na weusi unaoonekana juu ya kinywa ni mwingi kuliko wa chini.

Siku hizi yapo matiti ya bandia ya kuvaa kifuani, yanayotoa maji mfano wa maziwa. Chuo chenye uwezo kinunue. Kisicho nacho kisisubiri.

Hata hivyo soksi ni nusu ya kazi. Nusu iliyo ngumu zaidi ni mtu. Mwanachuo mmoja awe mama, apewe kwa siri kisa chake kwenye karatasi. Wa pili awe mkunga. Wa tatu awe mama mkwe aliyekaa pembeni na kikombe cha uji, maana kwake ndiko maamuzi mengi yanakofanyika, na mkunga asiyejua kuzungumza na mama mkwe hajui kazi yake. Wengine watazame na kuandika. Anayeigiza mama aanze:

"Sista, maziwa yangu hayatoshi. Analia usiku kucha."

Mwanachuo asiyefunzwa hurukia jibu: "Yanatosha, usimpe kitu kingine!" Amekwisha kumfunga mama mdomo. Aliyefunzwa husema, "Pole sana, mama. Usiku kucha, kweli mmechoka. Hebu nieleze, anaponyonya inakuwaje?" Kisha ananyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakowatesa wanafunzi kuliko yote, na ndiko kunakohitaji kurudiwa. Baadaye atasifu jambo moja ambalo mama analifanya vyema, atatoa pendekezo moja au mawili, wala hataamuru. Akimwambia mama mkwe, "Mama, wewe umelea wengi, tusaidie kumpakata huyu," amepata msaidizi badala ya mpinzani.

Wapo watakaosema: kina mama wapo tele wodini, ya nini maigizo? Nawajibu kwa uchungu. Mama aliyejifungua jana si chombo cha kufundishia. Titi limejaa, msamba unauma, naye anashikwa kifua na wanafunzi watatu wasioomba ruhusa, kila mmoja na agizo lake. Wa kwanza anamwambia alale ubavu, wa pili akae. Akirudi nyumbani atakumbuka aibu, asikumbuke somo. Makosa ya kwanza ya mwanachuo yaangukie soksi na wenzake darasani.

Wengine watasema semina ya siku moja yatosha. Hao nawaelekeza Haydom, mkoani Manyara, Tanzania. Mwaka 2010 wahudumu wa hospitali hiyo walifunzwa kwa siku moja kuwasaidia watoto wasiopumua. Miezi saba baadaye walifanya vizuri zaidi mbele ya mwanasesere, lakini mbele ya mtoto halisi mambo hayakubadilika. Ndipo wakaanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara, pale pale kazini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Kupumua na kunyonya ni mambo mawili, nakubali, lakini mwanadamu anayefunzwa ni yule yule, na kilichorudiwa mara nyingi ndicho kinachomjia anapobanwa na kazi.

Kusikiliza huku kuna uzito wa pekee kwa mama mwenye VVU, ambaye wasia juu yake umebadilika mara nyingi. Kuna wakati kina mama hao waliambiwa waachishe mapema. Utafiti uliofanywa Lusaka na kutangazwa 2008 ukaonyesha kuwa kuachisha ghafla mtoto akiwa na miezi minne hakukuwaongezea watoto nafasi ya kuishi bila virusi. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linasema mama anayetumia dawa vizuri anaweza kunyonyesha hadi miaka miwili au zaidi. Mama aliyesikia maneno ya zamani kwa jirani hatatulizwa na bango ukutani. Atatulizwa na mkunga anayejua kumuuliza, "Wewe ulisikiaje?" na kumngoja ajibu.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa ukunga wa ufuko wa Mweru, na wenzao wa Kigoma, Kalemie na Mombasa: mazoezi haya yafanyike kila juma, robo saa tu, na kwa lugha za akina mama. Kule Chienge yafanywe kwa Kibwile, Kibemba na Kiswahili, kwani huruma iliyokaririwa kwa Kiingereza hupotea njiani. Na kwenye mtihani wa vitendo pawekwe kituo kimoja ambapo mtahiniwa anamkuta mama wa kuigiza na mkwewe, na alama zitolewe kwa maswali aliyouliza na majibu aliyoyangoja. Wanachuo husoma kinachotahiniwa, na wasimamizi wa mitaala wanalijua hilo vizuri sana.