Majengo Yanayongoja Wateja Kisumu

Picha ya ghorofa jipya la vioo ikianza kuzunguka kwenye simu, Kisumu hurudia mabishano yaleyale. Utayasikia vijiweni, ndani ya matatu za Kondele na redioni asubuhi. Madai yenyewe si mengi, ila yamekaririwa hadi hakuna anayeuliza yalitoka wapi. Hapa nayajibu yale yanayosikika zaidi, na msimamo wangu nautoa mapema: katika mji huu jengo hufuata mteja, na kila lilipomtangulia limebaki likimngoja.

Tuanze na lile jepesi, kwamba Kisumu ni mji uliolala. Anayesema hivi huwa ametembea Oginga Odinga Street peke yake, akaona maduka yaleyale ya enzi za ukoloni na mabango yaliyopauka. Aende Mamboleo, Riat, Kisian au njia ya Ahero aone matofali yanavyopanda. Kilichozubaa ni kitovu, na kina sababu. Reli ilifika hapa Desemba 1901, mahali pakiitwa Port Florence, na kwa miongo mingi meli za ziwani zilipakia hapa mizigo ya Uganda na Tanganyika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, meli ziligawanywa na bandari ikapooza. Kiwanda cha nguo cha KICOMI kikafungwa, viwanda vya sukari vya Miwani na Muhoroni vikayumba. Kisumu ilitangazwa jiji 2001, wakati mishahara iliyokuwa ikitumika madukani ilikwisha kuondoka. Mji uliopoteza mishahara hauamshwi kwa rangi mpya ukutani.

"Jenga kwanza, watu watakuja." Dai hili lina jengo lake kabisa, liko Mamboleo kando ya barabara ya Kakamega. Lake Basin Mall lilijengwa na Mamlaka ya Maendeleo ya Bonde la Ziwa, shirika la serikali lililoundwa 1979, ambalo wakulima wa huku walilijua kwa mpunga na vifaranga vya samaki. Siku moja shirika la mpunga likaamua kuwa mwenye maduka. Gharama iliyotajwa mwanzoni ilikuwa shilingi bilioni 2.5, ilipanda hadi bilioni 4.1, na Bunge pamoja na wapelelezi wa ufisadi wakaanza kuuliza maswali. Jengo lilikamilika, likapakwa rangi, likakaa. Kwa miaka sehemu kubwa ya vyumba vyake haikuwa na mpangaji, huku deni la benki likizaa riba.

Watetezi wake husema kosa lilikuwa ufisadi tu. Lakini hata lingejengwa kwa nusu ya fedha hizo, swali lingebaki palepale: nani atapanda matatu kutoka Nyalenda, alipe nauli ya kwenda na kurudi, akanunue mkate ambao uko dukani mtaani kwake? Jengo la aina hii hutegemea supamaketi moja kubwa inayovuta watu, ndipo maduka madogo nayo yapate wa kupita mlangoni. Supamaketi ya Nakumatt iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na miaka michache baadaye Tuskys nayo ikaanguka. Vyumba vipana vilivyopimwa kwa ajili ya wapangaji wa namna hiyo vikabaki kote nchini bila wenyewe. Wala huu si ushamba wetu peke yetu. Detroit, mji wa magari huko Marekani, ulifungua Renaissance Center kando ya mto mwaka 1977, minara iliyoahidiwa kufufua katikati ya mji. Waliofanya kazi humo waliegesha gari ndani, wakala ndani, wakaondoka. Mitaa ya nje ikaendelea kukauka. General Motors iliinunua 1996, na 2024 ikatangaza inahama.

Wengine watakwambia wawekezaji wamefukuzwa na fujo za siasa. Ni kweli maduka yaliporwa na kuchomwa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na wapo walioondoka wasirudi. Lakini katika miaka iliyofuata, mahali palepale, hoteli ndefu zilisimamishwa na United Mall ikajengwa. Mwenye fedha huiogopa fujo kwa muda; asichoweza kuvumilia ni duka lisilouza.

Sasa wachuuzi. Dai linasema wao ndio wanaochafua mji, na kwamba wakijengewa soko zuri hawatakuwa na kisingizio. Nina mengi ya kusema hapa, maana ndipo fedha nyingi na hasira nyingi zimemwagwa.

Simama Kondele saa kumi na moja jioni, karibu na nguzo za daraja la juu. Mama ametandaza nailoni chini, kila pembe imefungwa kamba, kamba zote nne zinakutana karibu na goti lake. Omena, dagaa wa ziwani, iko juu ya nailoni, gorogoro ya kupimia iko juu ya omena. Matatu inasimama, abiria anashuka, na kabla hajaweka mkoba begani vizuri ameshaulizwa anataka ya ngapi. Biashara nzima huchukua muda wa konda kuita abiria wengine. Kanjo, askari wa kaunti, wakitokea, anavuta kamba, duka linageuka mzigo, anaondoka. Ukimwambia mama huyu umemtengea kibanda namba fulani ndani ya ukuta, hatua mia tatu kutoka steji, hujampa soko. Umemwondolea wateja na kumwongezea kodi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Uhuru Business Park, soko lililojengwa kwa fedha za serikali ya kitaifa kwenye ardhi ya reli ili kuwapokea waliobomolewa vibanda. Paa ni zuri, sakafu ni safi. Wengi waliopewa nafasi walilalamika kwamba wateja hawafiki, na baadhi wakarudi barabarani. Wakubwa wakasema hawa watu hawana shukrani. Hakuna aliyesema steji ilipaswa kuhamia pale kabla ya vibanda, au vibanda vijengwe steji ilipo. Soko la Kibuye halikuanzishwa na mchoro wa mtu. Kila Jumapili linafurika mitumba, vitanda vya seremala, sufuria na nafaka kwa sababu njia za watu zinakutana pale, na mabati yamewafuata wauzaji, si wauzaji kuyafuata mabati.

Nakubali kwamba njia ya miguu ikizibwa kabisa mzee na mwenye kiti cha magurudumu hawapiti, na gari la zimamoto halipiti. Mji una haki ya kupanga. Ila mchuuzi anayekatiwa tiketi ya kaunti asubuhi na kufukuzwa jioni ana haki ya kuuliza alilipia nini.

"Ardhi ni ya reli, waliojenga juu yake ni wavamizi." Kisheria dai hili lina mguu mmoja wa kusimamia. Kifungu 40(6) cha Katiba kinasema mali iliyopatikana kinyume cha sheria hailindwi, na wapo wenye nafasi serikalini waliojigawia viwanja vya reli katikati ya mji. Hao sitawalilia. Mguu wa pili ndio haupo. Shirika la reli lilipewa eneo kubwa na serikali ya kikoloni, likakaa juu yake kwa vizazi huku likikodisha, likinyamaza, likitazama watu wakizaliwa na kuzikwa humo. Kibos kuna jamii ya Wanubi, uzao wa askari wa Waingereza, waliokaa pale tangu enzi hizohizo za ukoloni. Februari 2021, nchi ikiwa bado chini ya kafyu ya korona, matingatinga yaliingia usiku. Zaidi ya watu 3,000 walibaki nje, na msikiti nao ukaanguka. Sheria ya Ardhi, ilivyorekebishwa 2016, inataka ilani ya angalau miezi mitatu na uondoaji unaoheshimu utu wa mtu. Anayeita jamii ya namna hiyo wavamizi aeleze kwanza mvamizi wa miaka themanini anafananaje.

Linalofanana na hilo ni lawama kwamba wenyeji wa mitaa ya Manyatta na Nyalenda wanazuia mipango. Mipaka ya mji ilipopanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijiji vizima viliingizwa ndani pamoja na wenye mashamba yao. Ndiyo maana mabanda mengi ya Kisumu, tofauti na ya Kibera kule Nairobi, yako juu ya ardhi ya familia yenye hati. Huwezi kuleta greda bila kuzungumza na mwenye hati, na ndugu zake, na wakati mwingine kaburi la babu yake. Huo si ukaidi, ni umiliki.

Dai la ufukwe ndilo linalopendwa zaidi na wachora picha: tungeondoa vibanda vya samaki, tukaweka hoteli na matembezi, tukawa kama Dubai. Vibanda viliondolewa. Lwang'ni, pale ulipochagua ngege au mbuta kwa jicho, akachanjwa mistari ubavuni, akakaangwa mzima, akarudi mafutani na nyanya na dania huku msichana akikumwagia maji ya jagi mikononi, palibomolewa 2019 wakati bandari ikifufuliwa. Mgeni wa Nairobi hakuja Kisumu kutazama lobi ya hoteli. Lobi anazo kwao. Alikuja kula pale.

Tuache hata hisia za tumbo. Ziwa lenyewe lina maoni. Mei 2020 kipimo cha maji ya ziwa kule Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya 13.41 iliyokuwa imesimama tangu 1964, na 2024 maji yakapanda tena kupita hapo. Ufukwe wa Dunga uliingiliwa na maji. Banda la mabati likifurikiwa, mwenyewe hulihamisha nyuma na kesho anakaanga. Hoteli ya ghorofa kumi haihamishwi. Na Ghuba ya Winam ina gugumaji linalotembea na upepo: leo mgeni anatazama maji, kesho anatazama shamba la kijani lenye harufu. Anayetaka kujenga ufukweni ajenge vitu vyepesi, na aache mafunjo ya Dunga yaendelee kunyonya maji, kazi ambayo hakuna kontrakta anayeifanya kwa bei hiyo.

Kuna dai moja ambalo nalijibu nikiitetea kaunti, jambo nisilolifanya mara nyingi. Kabla ya mkutano wa Africities wa Mei 2022 barabara kadhaa za katikati zilipewa njia pana za waendao kwa miguu na baiskeli, na wenye magari wakalia kwamba biashara imekufa kwa kukosa maegesho. Wateja wengi wa Kisumu hawaji na gari. Wanakuja kwa miguu, kwa boda na kwa tuktuk. Gari moja lililoegeshwa kutwa mbele ya duka humzuia mpita njia asione dirisha. Kasoro ya njia hizo ni kwamba boda zimezigeuza steji.

Mwisho, bandari. Wanasema ikifufuka yote, mji mzima utafufuka. MV Uhuru, meli ya 1966, ilirudi kazini 2019, na watu wakashangilia, nami pia. Lakini tutazame gati la mafuta. Lilikamilika 2018, likakaa bure miaka kadhaa kwa sababu upande wa Uganda hapakuwa na pa kushushia. Sasa linafanya kazi. Mafuta hutoka Mombasa ndani ya bomba, hupita chini ya ardhi, huingia melini na kuondoka, wala hayanunui kikombe cha chai hata kimoja. Bandari ya zamani ililisha mji kwa kuwa abiria walibadilisha treni kwa meli na magunia yalibebwa mgongoni. Ndiyo sababu, katika miradi yote iliyoko pale, mimi huipa alama zaidi karakana ya Kenya Shipyards ilikoundwa MV Uhuru II, ingawa haipigwi picha sana. Welda hula mchana, na hununua chakula chake umbali anaoweza kwenda kwa miguu na kurudi kabla ya saa nane.