INJINI ISIFUNGULIWE KABLA YA CHUJIO



Jumamosi tunakutana ghalani, na ajenda ya kwanza ni mchango wa kufungua injini ya gari letu. Sisi tunasema mapema, na kwa herufi kubwa ili hata waliopo nyuma wasome: HATUUNGI MKONO.

Wote mnajua mambo yalivyokuwa. Tangu masika gari lilikuwa halivuti. Likiwa tupu linakwenda, likipakiwa ufuta linalia kama mzee anayepandishwa mnazi. Mwezi uliopita lilimpokea mama mjamzito aliyeteremka mashuani Nyamisati, apelekwe hospitali ya Mchukwi. Likaishiwa nguvu kwenye mchanga. Watu wakashuka, wakasukuma, wakachoka. Mama akajifungulia njiani, chini ya mkorosho. Mungu ni mwema, wote wawili wazima. Lakini jamani, tutamtegemea Mungu kwa kazi ambayo tumepewa mikono tuifanye?

Baada ya hapo yakaanza maneno. Wengine wakasema limezeeka. Wengine ati limetupiwa kitu. Akaletwa fundi toka mjini, akasikiliza injini kwa dakika chache, hakushika hata spana, akasema pistoni zimekwisha, injini ishushwe, na pampu ya dizeli inunuliwe mpya. Baadhi yetu kwenye kamati tukatikisa vichwa: fundi kasema! Kwani mganga anayekata mguu kabla ya kukuuliza unaumwa wapi, huyo naye ni mganga?

Injini yetu ni ile 1HZ ya Land Cruiser, silinda sita, lita 4.2. Toyota ilianza kuzitoa mwaka 1990. Haina tabo, haina kompyuta. Inataka vitu vichache tu: hewa ya kutosha, dizeli safi inayofika kwa wakati wake, na mgandamizo ndani ya silinda. Kikipungua kimoja, nguvu zinapungua. Basi mwenye akili huanza na kilicho karibu na cha bei ndogo, akamalizia na cha mbali na cha bei kubwa. Yule bwana alianzia mwisho, maana mwisho ndiko kwenye fedha.

Jumapili iliyopita vijana wetu wanaotengeneza mashine za boti walilipima gari mbele ya watu, na mama mmoja wa darasa la kisomo akaandika daftarini. Hivi ndivyo alivyoandika:

1. Mafuta ya mguu. Mmoja alikanyaga mpaka chini, mwingine akatazama kama mkono wa pampu unafika mwisho. Unafika. Gharama: bure.

2. Moshi. Moshi mweusi maana yake dizeli inazidi hewa, au nozeli zinamwaga badala ya kunyunyiza. Moshi wa bluu, injini inaunguza oili, na hapo ndipo ringi zinatiliwa shaka. Moshi mweupe wakati injini imeshapata moto, ni dizeli isiyoungua au maji. Letu halikutoa moshi wa maana. Lilikosa nguvu tu. Shaka ikawa dizeli haifiki ya kutosha.

3. Ea klina. Ina vumbi, lakini mwanga wa tochi unapita. Ikapulizwa toka ndani kwenda nje.

4. Magurudumu. Gari lilizungushwa kidogo, rimu zikaguswa. Hakuna ya moto, kwa hiyo breki hazishiki.

5. Chujio la dizeli. Vijana walifungua chini, wakakinga kwa chupa ya kioo. Maji ni mazito kuliko dizeli, hukaa chini. Robo ya chupa ilikuwa maji na matope!

6. Mpira wa kutoka kwenye tangi. Ulikuwa umepasuka. Mtauliza, mbona dizeli haikuvuja? Kwa sababu pampu inavuta. Ufa hautoi dizeli nje, unaingiza upepo ndani. Vijana waliweka dizeli safi kwenye dumu, wakalifunga juu, wakaunganisha mpira mzima moja kwa moja kwenye pampu. Gari likavuta hapo hapo! Basi ugonjwa ulikuwa nyuma ya pampu. Haukuwa kwenye pampu wala kwenye pistoni.

Tangi likaoshwa, mpira na chujio vikanunuliwa vipya, upepo ukatolewa kwa pampu ya mkono. Jumatatu gari lilipakia ufuta likafika Kibiti bila kulia. Vitu vyote viwili havikufika bei ya gunia moja la ufuta. Na mchango tulioombwa ulikuwa wa kila kaya!

Sasa maji yale yalitoka wapi? Tusisingizie mafuriko ya Aprili 2024, hayo yamepita. Yalitoka kwenye dizeli ya madumu, inayouzwa nyuma ya nyumba kwa bei ya kupunguzwa, bila risiti. Sisi viongozi tuliinunua, na katibu wenu yumo. Tulijidai tunaokoa fedha za ushirika, kumbe tulikuwa tunanunua maji kwa bei ya mafuta.

Na mjue, maji ni nafuu kuliko mafuta ya taa. Maji unayaona kwenye chupa, mafuta ya taa huyaoni. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu. Ikichanganywa na mafuta ya taa, pampu inasagika yenyewe kwa yenyewe. Wizi huu ulienea nchini mpaka mwaka 2010 EWURA ikaanza kutia alama maalumu kwenye mafuta ili kuwanasa wachakachuaji, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa. Taifa zima lilipigana na jambo hili, halafu sisi tunalibeba kichwani kwa dumu!

Kwa hiyo Jumamosi tutaleta haya, na tunawaomba mje wengi:

Dizeli inunuliwe kituoni, kwa risiti, isomwe mbele ya wanachama.

Daftari la gari lifunguliwe: tarehe, kilomita, chujio, oili. Mkanda wa taimingi hatujui ulibadilishwa lini, na mkanda haungojwi ukatike. Ukikatika ndipo injini itafunguliwa kweli.

Na injini isiguswe kabla chujio, mipira, hewa na breki havijapimwa mbele ya watu. Nozeli, tepeti na mgandamizo vifuate. Pampu iwe ya mwisho.

Atakayesema hatuna elimu ya mambo hayo, mwonyesheni lile daftari. Aliyeliandika alijifunza kushika kalamu akiwa na wajukuu.

Katibu wa Chama, Tawi