Tunauza kwa Lumbesa, Tunanunua kwa Kikombe



Tunapompokea wodini mtoto mwenye utapiamlo, huwa tunamwuliza mama yake jana walinunua nini dukani. Majibu hufanana sana: mafuta ya mia tano, sukari robo, unga kilo moja, dagaa fungu moja, chumvi na kiberiti. Kesho yake ni hivyo hivyo. Mama huyo si mvivu, wala baba si lazima awe mlevi kama majirani wanavyopenda kusema. Nyumba hiyo hutoa fedha kila siku, tena si kidogo. Shida ni kwamba inanunua kwa njia iliyo ghali kuliko zote.

Tufanye hesabu ya mfano, maana bei hazikai mahali pamoja. Tuseme lita moja ya mafuta ya kupikia ni shilingi 6,000 mjini Mugumu. Kijijini hupimwa kwa kikombe kidogo, vikombe 16 katika lita, kila kimoja shilingi 500. Lita ile ile sasa imefika shilingi 8,000. Familia inayotumia kikombe kimoja kwa siku hulipa shilingi 15,000 kwa siku 30, wakati mafuta hayo hayo kwa bei ya mjini yangekuwa shilingi 11,250. Tofauti ni shilingi 3,750, na hayo ni mafuta peke yake. Hatujagusa sukari wala sabuni. Kwa fedha hizo mtoto yule wa wodini angekula mayai.

Hatumlaumu mwenye duka. Yeye hulipa usafiri, huvumilia wadeni, na usiku wa manane mtoto akiharisha ndiye anayeamka kutuuzia sukari na chumvi. Lakini tusijidanganye kwamba daftari lake la mkopo ni bure. Anayedaiwa hachagui duka, wala hana uso wa kuuliza bei.

Watu wa mijini husema dawa ni supamaketi. Sisi wa Robanda, Nyichoka na Park Nyigoti hatuna supamaketi, na hata huko mijini nyingine zimekuja na kuondoka. Uchumi ya Kenya ilifunga maduka yake hapa nchini mwaka 2015. Wenye umri wetu tunakumbuka pia maduka ya ushirika ya vijiji, yaliyoenezwa na Operesheni Maduka ya mwaka 1976, na jinsi baada ya vita vya Kagera watoto tulivyotumwa kupanga mstari tangu alfajiri kwa ajili ya kipande cha sabuni. Wakati ule bei ilipangwa lakini bidhaa hazikuonekana. Leo bidhaa zimejaa, ila zinatufikia kwa kijiko.

Tunavyoona sisi, duka la bei nafuu tunalo tayari, nalo ni jumuiya ndogo ndogo. Nyumba nane au kumi zikichanga fedha mwisho wa mwezi, hasa kwetu ambapo vijana kadhaa hupata mshahara kwenye hoteli za watalii, watu wawili wanaweza kwenda Mugumu na kununua dumu la mafuta la lita 20, gunia la maharage, katoni ya sabuni na dagaa kwa debe. Nauli igawanywe sawa. Mgawo ufanyike siku hiyo hiyo, mbele ya wote, kwa chombo kimoja cha kupimia, na kila senti iandikwe. Tunasisitiza kuandika, maana ugomvi wa vikundi vya namna hii aghalabu huanzia kwenye nauli.

Dagaa nao wana majira yao. Wavuvi wa Ziwa Viktoria huwavua kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa, wavuvi hupumzika, na bei hupanda. Basi mnunue wakati wa giza, mwaanike tena juani na kuwahifadhi pakavu. Chagueni waliokaushwa juu ya vichanja, hata wakizidi bei kidogo, kwa kuwa katika fungu la wale wa mchangani mnalipia na mchanga.

Lakini hasara kubwa kuliko zote haiko dukani. Iko nyumbani, baada ya mavuno. Mahindi yaliyosalimika kwa tembo huuzwa upesi, bei ikiwa chini, kwa gunia la lumbesa lililoshonewa kilemba juu. Miezi michache baadaye nyumba ile ile inanunua unga kilo kilo, kwa kipimo kilichofutwa kwa kijiti kisizidi hata punje. Baba wengi huamua kuuza bila kumwuliza mama, ambaye ndiye ajuaye debe moja la mahindi huliwa siku ngapi. Hapa tunasema bila kuficha: akina baba, mnakosea. Kabla gunia la kwanza halijatoka, kaeni wote wawili mhesabu chakula cha mpaka mavuno yajayo, ndipo mfikirie kuuza kinachobaki. Na mahindi mliyobakiza mkiyasaga dona badala ya sembe, mtapata unga mwingi zaidi kwa debe lile lile, wenye lishe bora kwa watoto.

Kuna vitu vya bei rahisi ambavyo hatuvitaki kabisa. Mahindi na karanga zenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kausheni vizuri kabla ya kuweka ghalani. Nyama inayopitishwa majumbani usiku, iwe ya porini au ya ng'ombe aliyejifia, haina mhuri wa mpimaji, na kimeta huanza hivyo hivyo. Chumvi iwe yenye madini joto, nayo iwekwe kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na moshi. Wala msinunue maziwa ya kopo kwa mtoto mchanga eti kwa sababu mfanyabiashara amepunguza bei. Maziwa ya mama kwa miezi sita ya kwanza hayahitaji nyongeza yoyote. Mama ndiye anayehitaji kula vizuri, na sahani yake ndiyo ipunguziwe mwisho.

Siku za kliniki ya watoto tunaweka mezani mizani na kikombe cha kupimia chenye alama. Akina mama, njooni na mafuta mliyopimiwa dukani kabla hamjayatumia, tuyapime pamoja na kupiga hesabu ya lita. Akina baba wanaoleta watoto wao, nao wanakaribishwa kwenye hesabu hiyo.