Kinanda cha mdomo si mchezo wa watoto

Kwa maoni yetu, sisi Waswahili wa Muscat tumekidharau mno kinanda cha mdomo. Mtoto akililia muziki tunamnunulia kinanda cha umeme. Kile cha kupuliza tunakiona kitu cha sikukuu, kipigiwe kelele siku mbili kisha kitupwe. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Hebu tukitazame. Kile cha kawaida, ambacho kampuni ya Hohner ya Trossingen, Ujerumani, ilianza kukitengeneza mwaka 1857, kina matundu 10 na ndimi 20 nyembamba. Ukipuliza inatoka sauti moja, ukivuta pumzi inatoka nyingine. Kilikusudiwa nyimbo nyepesi za Kizungu, na sauti kadhaa kimenyimwa. Lakini Wamarekani weusi walikuza ufundi wa kuipinda sauti kwa ulimi na koo mpaka ikashuka, wakakiliza kama binadamu. Little Walter alikipa heshima kubwa Chicago katika miaka ya 1950.

Hapo ndipo inapoingia taarab yetu. Maqamu ya Rasti na Bayati yanataka robo za sauti, na kinanda cha umeme cha kawaida hakina. Kwenye kinanda cha mdomo cha C, sauti ya tundu la 3 ikivutwa huteremka kidogo kidogo, na robo ya Rasti imo njiani. Akodiani ya taarab ya Unguja ni ndugu yake, nayo husemeshwa na hewa na ndimi, ila haina mdomo wa kuipinda sauti. Lakini usione vyaelea, vimeundwa: kazi hii inataka miezi ya mazoezi na mwalimu mwenye sikio.

Muscat ilipata okestra ya kifalme mwaka 1985 na Jumba la Opera mwaka 2011. Ni fahari. Lakini je, nyumbani? Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, DCMA, kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 2002, kilikaribia kufungwa mwaka 2019 kwa kukosa fedha. Na sisi tuliotoka kwetu na begi moja tunajua kuwa kanuni haibebeki na udi huvunjika njiani. Kinachoingia mfukoni ndicho kinachovuka bahari.

Ombi letu ni dogo. Anayekwenda Unguja likizo atie viwili vitatu begini, awapelekee wanafunzi. Na hapa Muscat, wazee wanaoyajua maqamu wakae na vijana Ijumaa jioni. Urithi usiopata chombo cha bei ya maskini huishia kwenye kumbi za matajiri.