HAKI YA ALIYEUMIA ISISHIKWE NA MWINGINE

Wananchi, wapo watu wanaotuhubiria kwamba sumu ya kiwanda ikivuja na kuingia majumbani, kazi ya wenyeji ni kutulia na kuiachia Serikali. Eti Serikali ndiyo baba. Itazungumza na tajiri, na kila mtu atapata fungu lake. Sisi twasema hapana. Haki ya aliyeumia ni mali yake, na akimwachia mwingine aishike asishangae ikimrudia imemegwa.

Hatusemi haya kwa kubahatisha. Tazameni mji wa Bhopal katika nchi ya India. Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, tani 40 hivi za gesi ya sumu zilivuja katika kiwanda cha dawa za kuulia wadudu, mali ya Union Carbide ya Marekani. Gesi iliwafikia maskini wakiwa wamelala vibandani. Serikali ya jimbo ilithibitisha vifo 3,787. Wenyeji husema walikufa wengi zaidi. Walioumia walipita nusu milioni.

Ikawaje? Mwaka 1985 Bunge la India lilipitisha sheria iliyoipa Serikali peke yake mamlaka ya kudai fidia kwa niaba ya wote. Serikali ikaenda kushtaki New York. Mwaka 1986 jaji wa huko akasema kesi irudi India. Dai lilikuwa zaidi ya dola bilioni 3. Mwezi wa Februari 1989 Serikali na kampuni wakapatana kwa dola milioni 470. Wajane na mayatima hawakuulizwa. Wengi wa majeruhi waliambulia rupia 25,000, watu ambao mapafu yao hayatapona tena. Baadaye Serikali ile ile ikarudi mahakamani kuomba fidia iongezwe, na mwezi wa Machi 2023 Mahakama Kuu kabisa ya India ikakataa. Mlango ulikuwa umekwisha fungwa, na aliyeufunga ni yule aliyejiita mlinzi.

Kwa nini mlinzi alifanya hivyo? Kwa sababu hakuwa mtu wa kando. Serikali ndiyo iliyokuwa imetoa leseni, na vyombo vya fedha vilivyo chini yake vilikuwa na hisa katika kampuni iliyoendesha kiwanda kile. Kesi ya nyani ikapelekwa kwa ngedere.

Sasa tuje kwetu, Mombasa. Katika kijiji cha Owino Uhuru palijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Kuanzia mwaka 2007 moshi na maji machafu yake viliingia katika nyumba za watu wapatao 3,000. Risasi ikaonekana katika damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa humo na ambaye mwanawe alidhurika, aliwaongoza wenzake kupinga, akakamatwa. Hawakurudi nyuma. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014.

Watu wa Owino Uhuru hawakungoja kusemewa. Mwaka 2016 walikwenda mahakamani wenyewe, wakawashtaki wenye kiwanda pamoja na vyombo vya Serikali vilivyokiachia. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Tena ilisema kwamba mwenye kubeba sehemu kubwa ya lawama ni NEMA, mamlaka iliyowekwa kulinda mazingira. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliitengua fidia hiyo. Wakapanda juu zaidi, na tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia.

Twawauliza wahubiri wa utulivu: kama dai lile lingeachiwa Serikali, Serikali ingejishtaki yenyewe?

Sheria ipo, wananchi. Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kushtaki kwa ajili ya wenzake. Kifungu cha 70 kinasema mwenye kushtaki juu ya haki hiyo halazimiki kuonyesha kwamba mtu amekwisha kuumia. Maana yake hamlazimiki kungoja maziko ndipo mwende kwa hakimu.

Wengine watasema tunawafukuza wenye mitaji. Viwanda twavitaka, na vijana wetu wataka kazi. Lakini faida inayopatikana kwa kuokoa gharama ya bomba na chujio, kisha gharama hiyo ikalipwa na vifua vya watoto, hiyo si maendeleo. Hapo mnyonge ndiye anayemkopesha tajiri, na deni halirudi.

Kwa hiyo twawaagiza makatibu wa matawi yote yaliyo karibu na viwanda. Vifungu hivi visomwe katika kila mkutano. Andikeni siku na saa ya kila moshi na kila maji yenye harufu. Kadi za hospitali zitunzwe, zisitupwe. Mtu asitie sahihi wala dole gumba peke yake katika karatasi ya kupokea fedha kidogo ili anyamaze. Ailete kwanza mbele ya wenzake. Hukumu nayo ikitolewa, ifuatwe mpaka fedha ifike mkononi mwa mwenyewe, kwa kuwa karatasi ya hakimu haimtibu mtoto.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyeivuta sumu ndiye aijuaye; naye aongoze dai lake, sisi sote tukiwa nyuma yake. Tukifanya hivyo, hakuna mkubwa atakayeuza maumivu yetu tukiwa tumelala.