Viza ifuate masomo, masomo yasifuate viza

Hapa Timau, mzazi aliyeazimia kumpeleka mwanawe kusoma ng'ambo huuza alicho nacho: magunia ya viazi, ng'ombe wa maziwa, pengine hata kipande cha shamba. Majirani nao huitika harambee. Siku ya kuagana watu huomba, hula na kupiga picha. Hata hivyo, katika shughuli yote hiyo ni nadra kusikia mtu akiuliza: kijana huyu anasafiri kwa viza ya aina gani?

Wengi wetu tunadhani kwamba viza ni viza, mradi imegongwa katika pasipoti. Huo ni upofu wa hatari. Viza ni mapatano baina ya msafiri na nchi aendayo. Msafiri hutaja shughuli inayompeleka, nayo nchi humkubalia kwa shughuli hiyo, si nyingine. Akienda kinyume, mapatano yamevunjika, na anayeumia ni yeye pamoja na wale waliouza ng'ombe.

Wapo mawakala wanaowashauri vijana wachukue viza ya mgeni kwa madai kwamba hupatikana upesi, kisha waibadilishe wakishafika. Ushauri huo ni mtego. Uingereza haimruhusu aliyeingia kwa viza ya mgeni kuigeuza kuwa ya mwanafunzi akiwa humo humo nchini. Hana budi kurejea kwao na kuomba upya. Marekani nayo haimruhusu mwenye viza ya mgeni kuanza masomo ya shahada kabla ya ombi lake la kubadilisha hadhi kukubaliwa. Isitoshe, aliyemwambia afisa wa ubalozi kwamba anakwenda kutembea, kumbe nia yake ni kusoma, aweza kuhesabiwa kuwa amesema uongo. Doa hilo huweza kumfungia mlango kwa miaka mingi.

Hata viza za masomo zenyewe hazilingani. Marekani inazo za aina tatu. F-1 ni ya anayekwenda kusoma katika chuo kikuu au chuo kingine cha taaluma. M-1 ni ya mafunzo ya ufundi, na mwenye nayo hawezi kuibadilisha kuwa F-1 akiwa nchini humo. J-1 ni ya mipango ya kubadilishana wasomi, na baadhi ya wenye nayo, hasa waliofadhiliwa na serikali, hulazimika kurejea makwao kwa miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kuhamia Marekani. Basi kijana mwenye ndoto ya shahada ya uhandisi akipewa M-1 kwa sababu tu wakala ana urafiki na chuo fulani cha ufundi, ndoto hiyo imekwisha kupotoshwa kabla ya ndege kuruka.

Kuna na suala la kazi. Mwenye F-1 huruhusiwa kufanya kazi chuoni kwa muda usiozidi saa 20 kwa wiki masomo yanapoendelea. Mzazi anayetumaini kwamba mwanawe atajilipia karo yote kwa vibarua anajenga nyumba juu ya mchanga.

Nitaambiwa kwamba viza ya mwanafunzi ni ngumu, kwamba inadai barua ya chuo na ushahidi wa fedha ambazo mkulima wa kawaida hana. Ni kweli, na uchungu wake naufahamu. Lakini ushahidi huo wa fedha hutuonyesha mapema gharama halisi ya safari. Ni afadhali kuijua hapa nyumbani, ambapo bado tunaweza kutafuta ufadhili au chuo cha karibu, kuliko kuijua katika baridi ya ugenini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Historia yetu inatufunza hivyo. Vijana 81 waliosafirishwa kwenda Marekani mwaka 1959, kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake, walikuwa wamekwisha kutafutiwa nafasi vyuoni. Wangari Maathai aliyefuata mwaka 1960 alikwenda katika chuo kinachojulikana, kule Atchison, Kansas. Chuo kilitangulia, safari ikafuata. Kwa upande mwingine, mwaka 2023 tuliwaona wazazi wa Uasin Gishu wakiandamana mjini Eldoret kudai fedha walizolipia masomo ya Finland na Kanada, ilhali watoto wao walikuwa bado nyumbani. Walikuwa wametoa fedha kabla ya kuwa na hakika ya safari yenyewe.

Kwa hiyo nawasihi walimu, hasa wanaowashauri wanafunzi kuhusu taaluma, wawafunze kujiuliza maswali manne kabla ya senti moja kutoka mfukoni. Nakwenda kusoma nini? Chuo chenyewe kimeniandikia, au ni wakala tu anayesema? Viza ninayoombewa yaruhusu masomo hayo? Masomo yakiisha, sheria yanitaka nifanye nini? Majibu yatafutwe katika maandishi ya chuo na ya ubalozi, wala si katika maneno ya barazani.

Nanyi wanafunzi, msione haya kuuliza. Hati ya kusafiria ina jina lako, si la wakala. Mambo yakiharibika uwanja wa ndege wa mbali, atakayesimama mbele ya afisa ni wewe peke yako.