Maelekezo Yanayoanzia Hatua ya Tatu

Huku kwetu Logiri, Uganda, ukijua kuwasha kompyuta tu, tayari wewe ni fundi. Karani wa kituo cha afya, mwalimu wa kujaza alama za mitihani, mtunza hesabu wa chama cha akiba, sote yametukuta: unakabidhiwa kompyuta yenye mfumo wa Ubuntu, flashi na karatasi chache, unaambiwa weka hifadhidata, maelekezo yamo humo. Kweli yamo. Yanaanzia hatua ya tatu.

Hatua mbili za mwanzo mwandishi alizijua, akadhani hata bibi yake anazijua. "Pakua toleo jipya," anasema, kana kwamba bando huota shambani kama muhogo. Tangu Julai 2021 intaneti inakatwa kodi ya asilimia 12, kwa hiyo hatupakui; tunangoja mtu wa kutoka Arua mjini aje na faili mfukoni. Analeta hifadhidata yenyewe, MySQL 8. Karatasi zetu ni za toleo la 5.7. Hiyo 8 ilipotoka mwaka 2018 ilikuja na utaratibu mwingine wa kuhakiki neno la siri, programu kadhaa za zamani zikagoma kuunganika nayo. Karatasi hazina habari.

Tuje kwenye hilo neno la siri. Unaandika, skrini kimya: hakuna nyota, hakuna nukta. Unabonyeza kwa nguvu zaidi, unapuliza vumbi kwenye kibodi, unamwita jirani, naye anabonyeza. Kumbe ndivyo ilivyo, linafichwa wapita njia wasihesabu herufi. Sentensi moja ingetutosha. Mbele kidogo karatasi inasema ingia kama root, yaani mtumiaji mkuu, kwa neno lako la siri. Unajaribu, unatupiwa kosa namba 1698, umekataliwa. Kwenye Ubuntu root wa MySQL kwa kawaida haulizwi neno la siri hata kidogo, anatambuliwa kwa akaunti ya kompyuta yenyewe. Ungetanguliza sudo kwenye amri, ungepita. Herufi nne! Tumelala na njaa kwa ajili ya herufi nne.

Haya, umeingia. Unaandika amri, unabonyeza Enta, kinatokea kimshale. Kinangoja. Na wewe unangoja, kwa sababu kungoja ndiyo kazi tuliyosomea: tumengoja lami, tulingoja gridi ya taifa miaka nenda miaka rudi huku mkoa wetu wa West Nile ukiendeshwa na bwawa la umeme la Nyagak na jenereta, kimshale ni nini? Chai inapoa. Kimshale kilikuwa kinataka nukta mkato mwishoni mwa amri.

Ukishazoea, umeme unakatika. Ukirudi, kosa 2002: haiwezekani kuunganika na seva. Maana yake seva haijaamka, iamshe. Lakini sura ya matatizo, ambayo ndiyo fupi kuliko zote, inakwambia uhakikishe seva inafanya kazi. Ingekuwa inafanya kazi, nani angefungua sura ya matatizo? Chini yake kuna ushauri wa mwisho: ikishindikana, wasiliana na msimamizi wako wa mfumo. Msimamizi wa mfumo ni huyo huyo karani.

Tusiwe watu wa kulalamika tu, maendeleo yapo. Michael Widenius, yule Mfini aliyeipa MySQL jina la binti yake My, baadaye alianzisha MariaDB kwa jina la binti mwingine, Maria. Na MariaDB ya siku hizi imejifunza kutoa ujumbe wa makosa kwa Kiswahili. Sasa tunaweza kukataliwa kwa lugha tunayoielewa. Kinachotakiwa ni kuandika lc_messages=sw_KE ndani ya faili la usanidi, basi. Faili hilo liko wapi? Maelekezo yanajibu, kwa Kiingereza, kwamba inategemea.